Gusiberi ya Ulaya au Gusiberi ya Rasi: Ipi Upande, Uivune Lini na Uipikeje

Watu wawili wanaweza kusema kwamba wanalima gusiberi, wote wakawa wanasema kweli, ilhali mimea yao haina undugu wowote wa karibu. Mmoja ana kichaka chenye miiba, kinachopukutisha majani kila mwaka na kuzaa matunda ya kijani au mekundu yenye mistari myembamba inayoonekana kupitia ngozi. Mwenzake ana mmea laini wenye majani ya vinyweleo, unaozaa tunda dogo la rangi ya dhahabu lililofungwa ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Kichaka hicho ni gusiberi ya Ulaya, ambayo wataalamu wa mimea huiita Ribes uva-crispa. Mmea ule mwingine ni gusiberi ya Rasi, Physalis peruviana, ambayo asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, nayo ilipata jina hilo kwa sababu walowezi wa Rasi ya Tumaini Jema walikuwa wakiilima tangu kabla ya mwaka 1807. Anayenunua mche bila kuzitofautisha anaweza kupoteza miaka kadhaa akisubiri tunda ambalo hali ya hewa ya kwake haitaliruhusu kamwe, na anayefuata maelekezo ya kupika tunda moja huku ameshika jingine hataupata mlo aliokusudia.

Lipo pia tunda la tatu, amla, ambalo huitwa gusiberi ya India. Hilo huzaliwa na mti unaoweza kupita mita 8, lina ukakasi unaokausha ulimi, na aghalabu hutiwa achari au hupikwa katika shira ya sukari. Anayelitaka anachagua mti wa kudumu wa shamba kubwa, na hilo ni swali jingine. Hapa ninalinganisha zile mbili ambazo mtu mwenye bustani ya kawaida anaweza kuzipanda.

Hali ya hewa ndiyo yenye kauli ya kwanza

Kabla ya kufikiria ladha, mkulima ajiulize kama mahali alipo pana majira ya baridi kali. Gusiberi ya Ulaya ni mmea unaolala. Majani yakishapukutika, machipukizi yake hubaki yamefumbika mpaka yapitiwe na saa nyingi za baridi, kwa kawaida 800 na kuendelea, za joto lililo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Yakiikosa baridi hiyo, huchipua kwa kusuasua, maua huwa haba, na kichaka hudhoofika mwaka hadi mwaka ingawa hakifi upesi, jambo linalomfanya mwenye nacho aendelee kutumaini bila sababu. Kikiwa kimelala, kichaka hicho huvumilia hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Kinachokitesa ni joto la kiangazi, kwani jua kali la mchana huunguza majani na kuyababua matunda, na ndiyo maana hukubali kupandwa mahali penye kivuli cha nusu siku, penye hewa ya ubaridi na udongo unaohifadhi unyevu bila kutuamisha maji.

Gusiberi ya Rasi haihitaji usingizi wowote. Hukua mfululizo maadamu pana joto la wastani, hutoa maua na matunda kwa wakati mmoja, na mahali pasipo na jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, huweza kuishi miaka kadhaa. Usiku mmoja wa jalidi hutosha kuyageuza majani yake kuwa meusi, ingawa shina lililofunikwa vizuri wakati mwingine huchipua tena kutoka chini. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mahali penye joto panaufaa. Huu ni mmea wa milimani: huko Colombia, nchi inayoongoza kwa kuuza tunda hili nje, hulimwa zaidi kwenye nyanda zilizo kati ya mita 1,800 na 2,800 juu ya usawa wa bahari, ambako mchana ni wa vuguvugu na usiku ni wa baridi ya wastani. Katika joto kali la mfululizo mmea hukua na kuwa mkubwa, lakini maua mengi hudondoka kabla ya kushika tunda.

Kwa hiyo mahali pasipo na majira ya baridi, ushauri wangu hauna shaka: achana na gusiberi ya Ulaya. Wapo wanaojaribu kuung'oa majani mmea ili ulale kwa lazima, au kuumwagia maji ya barafu, na jitihada hizo sioni kama zinalingana na matunda machache yanayopatikana. Penye baridi ya kweli, mkulima ana uhuru wa kuchagua zote mbili, mradi aichukulie gusiberi ya Rasi kama mmea wa mwaka mmoja, aoteshe mbegu ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya mwisho, kisha ahamishie miche nje udongo ukishapata joto.

Jambo la sheria nalo lisisahaulike. Gusiberi ya Ulaya na jamaa zake huhifadhi ukungu unaosababisha kutu ya malengelenge, ugonjwa unaoua misonobari myeupe, na kwa sababu hiyo Marekani iliwahi kuzuia kilimo chake nchini kote. Zuio la serikali kuu liliondolewa mwaka 1966, lakini baadhi ya majimbo bado yana masharti yake. Gusiberi ya Rasi, kwa upande wake, huchukuliwa kuwa mmea vamizi katika baadhi ya visiwa, kwa kuwa ndege hula matunda na kuzitawanya mbegu. Ni busara kuuliza mamlaka ya kilimo kabla ya kuagiza mche wowote kutoka mbali.

Kuotesha, na muda wa kusubiri

Hapa tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Gusiberi ya Ulaya haipandwi kwa mbegu, kwa sababu mche wa mbegu haufanani na mama yake. Hukatwa kijiti kigumu cha mwaka huo chenye urefu wa sentimita 30 hivi, majani yanapopukutika, kikachomekwa ardhini hadi nusu yake na kuachwa hapo mwaka mzima kikitoa mizizi. Matunda ya kwanza ya maana huja mwaka wa pili au wa tatu baada ya mche kuhamishiwa mahali pake, lakini kichaka kinachotunzwa huendelea kuzaa kwa miaka 15 au zaidi. Kichaka kimoja hujitosheleza kwa uchavushaji, huchukua nafasi ya mita 1.5 kila upande, na kikikomaa huweza kutoa kilo 3 au zaidi kwa msimu.

Gusiberi ya Rasi huanza na mbegu ndogo sana ambazo tunda moja hubeba mamia. Hutawanywa juu ya udongo laini wa kitalu, zikafunikwa kwa tabaka jembamba, na huota kati ya wiki 2 na 3 zikipata joto la nyuzi 20 hadi 25. Miche huhamishwa ikifikia sentimita 15 hivi na kupandwa kwa umbali wa mita 1. Kutoka ua kufunguka hadi tunda kuiva hupita takribani siku 60 hadi 80, hivyo aliyeotesha mbegu mwanzoni mwa msimu huvuna kabla msimu huo haujaisha. Mahali pasipo na jalidi mmea huzaa tena mwaka wa pili, lakini matunda hupungua ukubwa, na wakulima wengi wa tunda hili huona afadhali kupanda upya.

Udongo wa kupita kiasi kwa rutuba huzidhuru zote mbili, kila moja kwa namna yake. Samadi nyingi yenye naitrojeni huifanya gusiberi ya Rasi kuwa msitu wa majani usio na matunda, na huifanya gusiberi ya Ulaya itoe matawi mororo ambayo ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, huyashambulia kwanza. Gusiberi ya Ulaya hufaidika na mboji kiasi pamoja na potashi, ikifunikwa matandazo ili mizizi yake, ambayo haiendi chini sana, isikauke. Gusiberi ya Rasi hutosheka na udongo wa kawaida, hata wenye mchanga, lakini isipandwe pale palipotoka nyanya, viazi mviringo, mbilingani au pilipili, kwa sababu ni ya ukoo huo na hurithi magonjwa yaliyobaki ardhini.

Kazi ya mkono: miiba na ganda

Anayesema gusiberi ya Ulaya ni mmea usio na kazi hajaupogoa. Lengo la kupogoa ni kukipa kichaka shina moja fupi lisilo na matawi, la sentimita 15 hadi 20 hivi, kisha matawi makuu yanayofunguka kwa nje na kuacha katikati wazi, ili hewa ipite na mkono uingie. Wakati wa usingizi, matawi hayo makuu hufupishwa kiasi cha nusu ya urefu uliokua mwaka huo, na vitawi vya pembeni hukatwa hadi kubaki na machipukizi 1 hadi 3, kwa kuwa matunda hutoka kwenye vitawi vifupi vya zamani na chini kabisa ya vitawi vya mwaka uliopita. Mkasi huwekwa juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje. Na kama aina hiyo ina tabia ya kuinamisha matawi hadi ardhini, basi huchaguliwa chipukizi linalotazama juu. Miiba husimama hasa kwenye vifundo, yaani mahali hasa mkasi unapopaswa kwenda, ikiwa mmoja au mitatu kwa pamoja, kwa hiyo glovu za ngozi na mikono mirefu ya nguo ni vifaa vya kazi. Kiangazi kikifika, vitawi vipya vya pembeni hufupishwa tena hadi majani 5. Asiyetaka adha hii kubwa atafute aina zenye miiba michache, mfano Pax au Captivator.

Gusiberi ya Rasi inahitaji karibu kazi mbili tu, nazo ni nyepesi: kukata ncha ya juu ikiwa bado changa ili itoe matawi ya pembeni, na kuifungia kwenye vigingi au waya kwa sababu matawi yake hulala kwa uzito na kuvunjika maungioni.

Kuhusu wadudu na magonjwa, naona gusiberi ya Ulaya ndiyo inayohitaji jicho kali zaidi. Adui wake mkubwa ni viwavi wa nyigu-msumeno, ambao huanza katikati ya kichaka na chini, mahali pasipoonekana kwa mtu anayepita, na kwa siku chache huweza kuacha mishipa mitupu ya majani. Dawa bora ni kuinama, kugeuza majani ya ndani mapema katika majira ya kuchipua, na kuwaondoa kwa mkono wangali wadogo. Ubwiri unga hufunika ncha na matunda kwa utando mweupe ambao baadaye huwa wa kahawia. Aina kama Invicta na Hinnonmäki Red huuhimili vizuri, nami singemshauri mtu anayeanza achague aina nyingine kabla ya hizo. Ndege nao hudonoa machipukizi wakati wa baridi na matunda wakati wa kiangazi, hivyo wavu si anasa. Gusiberi ya Rasi husumbuliwa na vidukari, inzi weupe, sota wanaokata miche, na katika mashamba makubwa mnyauko unaoletwa na ukungu wa fuzari. Hata hivyo ganda lake hulikinga tunda dhidi ya sehemu kubwa ya mashambulizi ambayo tunda la wazi lingeyapata.

Kuvuna

Gusiberi ya Ulaya ina uzuri ambao matunda machache yanao: huvunwa mara mbili, na mavuno hayo mawili ni kama matunda mawili tofauti. Mwanzoni mwa kiangazi, matunda yakiwa bado magumu na ya kijani lakini yamefikia ukubwa wa ncha ya kidole, huchumwa moja na kuachwa moja kwenye kila tawi. Yaliyochumwa ni makali kwa uchachu na yana pektini nyingi, yaani kile kinachoigandisha jemu, kwa hiyo huenda jikoni moja kwa moja. Yaliyobaki hupata nafasi, maji na sukari, na baada ya wiki kadhaa huwa laini, matamu, mengine mekundu au ya manjano kulingana na aina, na hapo ndipo yanapoliwa mabichi. Ukiyabonyeza kwa upole yanakubali kidogo. Ukichelewa, hupasuka baada ya mvua na nyigu huja. Watu wengi wanaosema hawaipendi gusiberi ya Ulaya wameonja mavuno ya kwanza tu, nami nawaomba wasubiri yale ya pili kabla ya kuing'oa. Wapo wanaoyaacha matunda machache tu kwenye kichaka ili yanenepe kadiri iwezekanavyo, na kijiji cha Egton Bridge huko Yorkshire, Uingereza, kimekuwa na shindano la kupima matunda hayo kwenye mizani tangu mwaka 1800.

Gusiberi ya Rasi haivunwi ikiwa mbichi hata kidogo. Tunda la kijani la mmea huu, pamoja na majani na shina, lina sumu za aina inayopatikana katika ukoo wa mnyanya na halipaswi kuliwa, na ganda lenyewe haliliwi wakati wowote. Alama ya kuiva iko wazi: ganda hugeuka kutoka kijani hadi rangi ya majani makavu, linakuwa jepesi na kutoa mchakacho linapoguswa, na ndani yake tunda limekuwa la dhahabu iliyokolea bila kivuli cha kijani karibu na kikonyo. Mengi huanguka yenyewe na huokotwa chini, yakiwa salama ndani ya ganda iwapo ardhi si chepechepe. Kwa sababu hayaivi pamoja, mkulima hupita kila baada ya siku chache kwa muda mrefu. Anayetaka kapu moja kubwa la kupika kwa siku moja atafurahia zaidi gusiberi ya Ulaya, na anayetaka kiganja cha matunda kila mara kwa majuma mengi ataipenda ya Rasi.

Katika kuhifadhi mabichi, ya Rasi inashinda kwa mbali. Likiwa ndani ya ganda kavu, mahali penye ubaridi na hewa, tunda lake hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Gusiberi ya Ulaya iliyoiva hudumu siku chache tu kwenye friji, ingawa ile ya kijani huvumilia wiki moja au mbili.

Jikoni hazibadilishani nafasi

Gusiberi ya Ulaya, hasa ya kijani, ni tunda la sufuria. Kwanza huondolewa kikonyo upande mmoja na mabaki makavu ya ua upande wa pili, kazi inayofanywa kwa mkasi mdogo. Uchachu wake hufanya kazi ambayo ndimu hufanya kwenye vyakula vingine: hukata mafuta. Mchuzi mzito wa gusiberi uliotiwa sukari kidogo tu huliwa na samaki wenye mafuta mengi, hasa makareli, na Wafaransa huliita tunda lenyewe groseille à maquereau, yaani gusiberi ya makareli, kwa mapatano hayo. Ikipikwa hadi ilainike, ikapondwa, ikapoa kabisa na kuchanganywa taratibu na krimu iliyopigwa, hutoa kitindamlo chepesi ambacho naona ndicho kinachoionyesha ladha yake vizuri kuliko chochote kingine.

Kwa jemu ya gusiberi ya Ulaya, kilo 1 ya matunda ya kijani hupikwa na mililita 400 hivi za maji kwa moto mdogo hadi ngozi ziwe laini kabisa, kisha ndipo hutiwa kilo 1.2 ya sukari. Mpangilio huo haubadilishwi, kwani sukari ikitangulia ngozi hukakamaa na hazilainiki tena. Sukari ikishayeyuka, moto huongezwa na jemu huchemka kwa nguvu kwa dakika kama 10, huku rangi ya kijani ikielekea kwenye wekundu wa mbali kadiri inavyokaa motoni. Kisahani kilichowekwa kwenye friji tangu mwanzo ndicho kipimo: dondosha kijiko kidogo cha jemu juu yake, ngoja dakika 1, kisha isukume kwa ncha ya kidole. Uso wake ukijikunja, zima moto. Haihitaji pektini ya kuongeza wala ndimu.

Gusiberi ya Rasi ni tunda la mkononi kwanza, na la sufuria baadaye. Ladha yake huwakumbusha wengi nanasi na nyanya kwa pamoja, tamu yenye ukali nyuma yake, na kuipika muda mrefu huiondolea harufu inayoifanya ipendeke. Baada ya kumenya ganda, tunda huwa na utando wenye kunata ambao unapaswa kuoshwa kwa maji ya vuguvugu. Huliwa hivyo hivyo, hukatwa nusu kwenye kachumbari au saladi ya matunda, huchovywa kwenye chokoleti iliyoyeyushwa huku ganda lililokunjwa nyuma likiwa kishikio, au hukaushwa hadi lijikunyate kama zabibu kavu, na likiwa katika hali hiyo huwa na ukali mzuri unaofaa kwenye mikate na uji wa shayiri. Jemu yake nayo hushika vizuri, lakini kwa kuwa tunda tayari ni tamu, gramu 600 hadi 700 za sukari kwa kilo 1 pamoja na maji ya ndimu moja zinatosha, na matunda hukatwa au kutobolewa kwanza ili yasipasuke yakiwa mazima.

Kwa upande wa lishe, gusiberi ya Ulaya ina vitamini C nyingi zaidi, takribani miligramu 28 kwa gramu 100, ikilinganishwa na 11 hivi za ile ya Rasi. Ya Rasi nayo ina karotini zaidi, kama rangi yake inavyoonyesha.

Kwenye friza zinaachana tena. Gusiberi ya Ulaya hutandazwa kavu kwenye sinia, ikaganda, kisha ikatiwa mifukoni, na ikiwa imeganda vikonyo vyake huondoka kwa kusuguliwa kati ya viganja, hivyo mwenye mavuno makubwa anaweza kuiruka ile kazi ya mkasi. Hupikwa ikiwa bado na barafu na jemu yake haitofautiani sana na ya matunda mabichi. Gusiberi ya Rasi hugandishwa bila ganda, lakini ikiyeyuka huwa tepetepe na haifai tena kuliwa mkononi, kwa hiyo ile inayozidi mahitaji ni bora ikaushwe, au iachwe ndani ya ganda lake kwenye kikapu kilicho wazi hadi siku itakapohitajika.